Niliizika saa ikingali hai

Kwa miaka kumi chini ya kitanda chetu palikaa katoni moja ambayo mama watoto aliniomba mara nyingi niitupe, nami kila mara nikakataa. Ndani ya katoni hiyo mlikuwa na saa 37 za mkononi, zile zinazounganishwa na simu na ambazo vijana huziita saa janja. Hakuna mtu aliyewahi kuzivaa hata siku moja. Sikuzihifadhi kwa matumaini ya kuziuza. Nilizihifadhi kwa sababu zilikuwa adhabu yangu.

Leo nataka kukusimulia jinsi saa za aina hiyo zilivyonikosesha mara mbili. Mara ya kwanza niliamini kwamba bidhaa inauzika, kumbe haiuziki. Mara ya pili nilitangaza mbele ya watu kwamba bidhaa imekufa, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inatambaa. Kosa la kwanza lilitugharimu pesa. La pili nusura litugharimu undugu. Nakueleza haya kwa sababu nyumbani kwako pia huenda yupo mtu, pengine mwanao aliye chuoni, pengine wewe mwenyewe, anayekitazama kitu kipya madukani na kujiuliza: je, hiki kinanunuliwa kweli au tunachezewa shere?

Hesabu iliyonilevya

Mwaka 2013 nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha ukoo. Tulikuwa watu 12, ndugu na mabinamu, na kila mwezi tulichanga kidogo kidogo hadi tukafikisha shilingi 150,000. Kila tulipokutana swali lilikuwa lile lile: pesa hizi tuzifanyie nini?

Septemba mwaka huo kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilitoa saa yake iitwayo Galaxy Gear kwa bei ya dola 299. Ilikuwa saa ya kukuonyesha ujumbe wa simu mkononi na hata kupiga picha, ila mwanzoni ilikubali kufanya kazi na simu moja tu, Galaxy Note 3 ya kampuni hiyo hiyo. Wakaguzi wa vifaa vya teknolojia waliikosoa sana. Lakini Novemba zikaja habari kwamba zimeuzwa saa 800,000 katika muda wa miezi miwili. Laki nane! Nilipoisoma hesabu hiyo nililewa bila kunywa. Nilikata kipande cha gazeti nikakipeleka mkutanoni, nikawaambia wenzangu kwamba dunia nzima inakimbilia saa hizi nasi tumelala.

Nisichokisoma ni maelezo yaliyofuata, kwamba hizo 800,000 zilikuwa saa zilizopelekwa kwa wenye maduka, si zilizonunuliwa na wateja. Msomaji, hapo katikati pana bonde kubwa. Saa iliyotoka kiwandani ikafika kwenye rafu ya duka imesafiri tu. Huenda ikanunuliwa kesho, huenda ikakaa hapo hadi ipigwe na vumbi, na huenda ikarudishwa ilikotoka.

Mapema mwaka 2014 tukamwendea mfanyabiashara mmoja wa jumla hapa Nairobi. Hakuwa na saa za kampuni kubwa. Alikuwa na zile za bei nafuu, zisizo na jina la maana. Nikamuuliza kama bidhaa hiyo inatoka. Akacheka, akanigonga begani.

"Mzee, hii unayoiona ni shehena ya tatu. Mbili zimeisha zote."

Basi tukanunua saa 60 kwa shilingi 2,500 kila moja, na akiba ya chama ikaishia pale pale. Katika mwaka mzima tuliuza 23, na kati ya hizo 9 zilinunuliwa na wanachama wenyewe kwa kuona haya. Nyingine zilikubali kuondoka baada ya bei kupunguzwa hadi ikawa ni kama kuzigawa. Zilizobaki unajua zilikokwenda.

Siku moja nikakutana na kijana mwenye duka dogo aliyekuwa amenunua kutoka shehena ya pili ya yule mfanyabiashara. Naye alikuwa na katoni yake nyumbani. Ndipo nilipoelewa kwamba yule bwana hakunidanganya hata kidogo. Shehena mbili zilikuwa zimeisha kweli, zikaingia chini ya vitanda vya watu kama mimi. Sisi ndio tuliokuwa mauzo yake.

Mahubiri ya Krismasi

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Desemba 2015 tulikusanyika nyumbani Machakos kwa Krismasi, na baada ya chakula mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa amemaliza kozi ya umeme katika chuo cha ufundi. Aliomba chama kimkopeshe shilingi 45,000 anunue hadubini na vifaa vya kufungulia na kuchomelea vitu vidogo, ili ajifunze kutengeneza saa janja.

"Mjomba," akaniambia kwa adabu, "simu kila fundi anatengeneza. Saa hizi bado hazina fundi. Zikija kwa wingi, nataka zinikute nimeshajua."

Wakati huo kampuni ya Apple ya Marekani ilikuwa imeingia katika biashara hiyo. Ilikuwa imetangaza saa yake Septemba 2014, na ikaanza kuiuza tarehe 24 Aprili 2015. Ya bei ya chini ilikuwa dola 349. Ya bei ya juu ilikuwa ya dhahabu, nayo ilifika dola 17,000, pesa za kununulia gari.

Msomaji, mimi nilikuwa nimesubiri nafasi kama hiyo ya kuonyesha kwamba nimeerevuka. Nikakohoa, nikavuta kiti mbele, nikamhubiria kijana yule mbele ya ukoo mzima. Nikasema saa hiyo imekwisha kufa, na mashahidi ninao wawili. Shahidi wa kwanza ni kimya: tangu ianze kuuzwa, kampuni imekataa kutaja ni saa ngapi zimenunuliwa, ilhali hesabu za simu zake huzitangaza kila baada ya miezi mitatu. Nani huficha habari njema? Shahidi wa pili ni bei: mwezi ule ule wa Desemba duka kubwa la Best Buy huko Marekani lilikuwa limepunguza dola 100 katika bei ya saa hizo, hata mwaka haujapita.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamalizia, na wazee wakatikisa vichwa kukubaliana nami.

Ombi likakataliwa. Dada yangu hakusema neno. Alikusanya vikombe vya chai akaingia jikoni. Januari hakuleta mchango wake wa chama, wala Februari. Machi nikasikia kwamba ameuza ng'ombe wake wa maziwa.

Shahidi wa kwanza: kimya

Hebu sasa tuwapime mashahidi wangu, maana siku ile hakuna aliyewahoji.

Tuanze na kimya. Ni kweli kwamba kampuni ilikataa kutaja idadi. Lakini ilisema itakataa tangu Oktoba 2014, miezi sita kabla ya saa hata moja kufika dukani. Mkuu wa kampuni, Tim Cook, alieleza kwamba hakutaka kuwapa washindani habari. Unaweza kumwamini au usimwamini, lakini jambo moja ni wazi: mtu aliyefunika chungu kabla hajabandika mboga huwezi kumwambia kwamba ameficha mboga iliyoungua. Pengine alikuwa na hofu, pengine alikuwa na hila. Kimya kile hakikuweza kutuambia lolote kuhusu mauzo ambayo hayajaanza.

Tena kampuni ambayo hisa zake huuzwa kwa umma haiwezi kunyamaza kabisa. Inalazimika kutoa hesabu za pesa. Apple iliitia saa yake katika fungu moja lililoitwa Bidhaa Nyinginezo, pamoja na vicheza muziki vya iPod, vidude vya televisheni, vipaza sauti vya masikioni na vikorokoro vingine. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2015 fungu hilo liliingiza dola bilioni 1.69. Katika miezi mitatu iliyofuata, saa ilipoingia sokoni, likaingiza dola bilioni 2.64. Tofauti ni karibu dola milioni 950, na wakuu wa kampuni wakasema vile vitu vingine vilikuwa vimeshuka, kwa hiyo saa ilikuwa imeingiza zaidi ya tofauti hiyo.

Chukua penseli, msomaji. Ukikadiria kwamba kila saa iliuzwa kwa dola 450, unapata saa zaidi ya milioni mbili kwa majuma machache tu. Ni makisio, lakini ni makisio yenye msingi, nami ningeweza kuyafanya mwenyewe kabla ya Krismasi ile. Sikuyafanya kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua.

Watu wengine walijaribu kupenya kimya hicho kwa njia nyingine. Julai 2015 kampuni moja inayokusanya risiti zinazotumwa kwa barua pepe kwa wanunuzi wa Marekani ilikadiria kwamba mauzo ya saa hiyo yameanguka kwa asilimia 90 tangu juma la ufunguzi. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyika, na mimi nilikuwa mmoja wa walioieneza. Lakini fikiria. Juma la ufunguzi ndilo lililobeba watu wote waliokuwa wakingoja tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Ukilinganisha siku yoyote na siku ya harusi, utasema nyumba imekosa wageni. Pili, mwanzoni saa hiyo iliagizwa kwa intaneti tu, na ilipofika Juni watu wakaanza kuinunua kwa kuingia dukani. Anayehesabu risiti za barua pepe hamwoni mtu aliyeingia dukani akatoka na saa mkononi. Tim Cook alisema mauzo ya Juni yalizidi yale ya Aprili na ya Mei.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Cook alikuwa akivutia kwake, sikatai. Lakini hata anayekisia kutoka nje ana ngoma yake ya kuwamba, maana habari ya kuanguka hununuliwa upesi kuliko habari ya kutambaa.

Shahidi wa pili: bei

Sasa tuje kwenye bei, shahidi aliyewashawishi wazee wote.

Kama umewahi kufika soko la Gikomba marobota ya mitumba yanapofunguliwa, unajua bei hutembea. Asubuhi, zile nguo za kwanza zilizo safi kabisa, wanazoziita kamera, hugombaniwa na wenye pesa. Saa chache baadaye bei hushuka, wakaja wenye mifuko ya wastani. Jioni ni fagia, rundo zima kwa bei ya kutupa. Ukifika saa sita mchana ukaona bei imeshuka, ukatangaza kwamba mwenye robota amefilisika, watu watakucheka. Huenda faida yake amekwisha kuitia kibindoni asubuhi, na sasa anaongeza juu yake.

Kwa hiyo bei iliyoshuka haitoshi kukupa hukumu. Unapaswa kuuliza maswali mengine. Nani anayelipia punguzo hilo, mwenye kiwanda au mwenye duka? Limeshuka kiasi gani, na baada ya muda gani? Na baada ya kushuka, kimefuata nini, bidhaa nyingine au kaburi?

Nikupe mfano wa kaburi halisi. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon ilitoa simu iliyoitwa Fire Phone. Ilianza Julai kwa dola 199 kwa mteja anayefunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu. Septemba bei hiyo ikawa senti 99. Oktoba kampuni ikalazimika kuandika katika vitabu vyake hasara ya dola milioni 170, sehemu kubwa ikiwa ni kwa ajili ya simu hiyo, na bado ilikuwa na simu za dola milioni 83 ghalani. Mwaka uliofuata haikuundwa tena. Amazon nayo ni bingwa wa kunyamaza kuhusu idadi, lakini msiba mkubwa kama huo hauwezi kufichwa. Maiti hutoa harufu katika hesabu za pesa.

Sasa linganisha na saa ile niliyoizika. Machi 2016 Apple yenyewe ilishusha bei yake ya chini kutoka dola 349 hadi 299. Septemba mwaka huo ikatoa saa mbili mpya, moja ya dola 269 kwa mwenye mfuko mwepesi na nyingine ya dola 369. Katika vitabu vyake hapakuwa na hasara kama ile ya Fire Phone. Huko hakukuwa kufagia ghala. Ilikuwa ni kupanga ngazi ili kila mtu apate kidato chake.

Lakini nisiwe kipofu upande wa pili. Kitu kimoja kilikufa kweli: saa ya dhahabu. Septemba 2016 iliondolewa kimyakimya, mahali pake pakaja ya kauri ya bei ndogo zaidi. Mwanzoni kampuni ilitaka saa yake ionekane kama pambo la matajiri. Watu wakaigeuza kuwa chombo cha kuhesabia hatua na kusikiliza mapigo ya moyo, na kampuni ikawafuata. Mwaka 2018 saa mpya ikaweza hata kuchora mwenendo wa umeme wa moyo. Kwa hiyo aliyesema mwaka 2015 kwamba saa hiyo imeshindwa alikuwa na chembe ya ukweli: mpango wake wa kwanza ulishindwa. Ni kosa kudhani kwamba mpango ukifa bidhaa nayo imekufa.

Waliopiga kelele waliishia wapi?

Pengine utaniambia, "Afadhali basi kampuni zinazosema waziwazi." Hata mimi nilidhani hivyo. Tazama hawa wawili.

Mwaka 2012 vijana waliobuni saa ya Pebble huko Marekani waliomba michango hadharani kwa intaneti, na hesabu ilionekana na kila mtu. Watu karibu 69,000 walichanga zaidi ya dola milioni 10. Hakuna uficho wala punguzo hapo. Watu walilipia saa ambayo bado haijaundwa. Hata hivyo, Desemba 2016 kampuni hiyo ilifungwa, na baadhi ya mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Fitbit.

Hiyo Fitbit nayo ilikuwa ikitangaza idadi ya vifaa vyake bila kigugumizi. Mwaka 2015 iliuza milioni 21.4. Mwaka 2017 ikauza milioni 15.3. Kufikia Januari 2021 ilikuwa imenunuliwa na Google. Idadi zake zilikuwa za kweli, lakini ukweli wa leo haukuwa ahadi ya kesho.

Basi nikajifunza kutazama nyayo. Ukitaka kujua kama mvua imenyesha milimani, nenda ukautazame mto. Mwaka 2011 Uswisi, nchi ya saa, iliuza nje saa za mkononi karibu milioni 30. Mwaka 2019 ziliuzwa chini ya milioni 21, na zilizopungua zaidi ni zile za bei ya chini, zilizo karibu na bei ya saa janja. Sisemi kwamba saa moja ya Marekani ndiyo iliyofanya yote hayo, kwa maana hata simu imewafanya wengi waache kuvaa saa. Lakini mtu anapopokonywa tonge, yupo anayelila.

Septemba 2017 Tim Cook alisimama jukwaani akasema saa yao imeipita Rolex na kuwa ya kwanza duniani kwa mapato. Idadi bado hakuitaja! Hata hivyo fungu la hesabu lenye saa hiyo na vitu vingine vya kuvaliwa na vya nyumbani liliingiza dola bilioni 24.5 mwaka wa fedha wa 2019, na bilioni 41.2 mwaka wa 2022. Kisha likashuka hadi bilioni 37 mwaka wa 2024. Unaona? Hata mti ulioota vizuri una msimu wa kupukutika, na aliye makini huendelea kuhesabu.

Kibandani kwa mpwa wangu

Agosti 2024 binti yangu aliniletea saa yake iliyokuwa inazimika kila baada ya saa mbili. Nikauliza fundi, na kila niliyemuuliza aliniambia niende karibu na Luthuli Avenue, kuna kijana mmoja hodari. Nilijua ni nani. Katika miaka ile yote tulikuwa tukisalimiana misibani na harusini, lakini kibandani kwake sikuwahi kutia mguu.

Nilipofika alikuwa ameinamia hadubini. Alinyanyua kichwa, akafuta mikono, akanipa kiti chake mwenyewe.

"Karibu, mjomba. Shikamoo."

Nilimpa saa. Aliipasha moto kidogo, akaifungua kioo kwa wembe mwembamba kama anayemenya embe, akatoa betri iliyovimba akatia nyingine. Mikono yake haikutetemeka. Kazi ilipokwisha nilitia mkono mfukoni nikamuuliza ni ngapi, nikitumaini, nakiri, kwamba damu ni nzito kuliko maji.

"Ni shilingi 3,500, mjomba. Na hapa hakuna punguzo."

Tulicheka sote, nikalipa. Kisha nikamwambia nililokuja nalo moyoni: kwamba Krismasi ile ya 2015 nilimhukumu bila kupima, kwamba nilikuwa nikiisema saa kumbe naisema katoni yangu, na kwamba ng'ombe wa mama yake yuko shingoni mwangu. Alinyamaza kidogo. Akasema ng'ombe huyo alishamlipa mama yake, tena wawili. Lakini akaniomba maneno yale yale niyaseme tena Krismasi, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile, wazee wakisikia. Nami Desemba hiyo nilikwenda nikayasema. Dada yangu alisikiliza hadi mwisho, akasimama, akanimiminia chai.

Siku ile kibandani, kabla sijaondoka, nilimuuliza, "Sasa, mwanangu, kwa mwezi unatengeneza saa ngapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, kulikokuwa na vibanda vya mafundi wengine. Akaufunika mkono wake juu ya daftari la hesabu.

"Mjomba," akanong'ona, "majirani wanasikia."

Nilibaki kinywa wazi. Hiki ndicho kimya nilichokuwa nimekiita dalili ya kifo! Basi nikafanya nilichopaswa kufanya miaka tisa kabla: nikazitazama nyayo. Palikuwa na vijana wawili wanaojifunza kazi. Palikuwa na kibanda cha pili alichokodisha, ukuta ukiwa umetobolewa katikati kuviunganisha. Na nyuma yangu palikuwa na watu watano wanaosubiri, wawili kati yao wamerudi na si mara yao ya kwanza. Sikuhitaji kuliona daftari.

Ile katoni yangu nilimpelekea juma lililofuata. Vijana wake wanazifungua na kuzifunga zile saa 37 kujifunzia kazi. Mama watoto amefurahi, amepata mahali pa kuweka masanduku.

Nawe msomaji, siku utakaposikia kwamba kitu kipya kimeuzwa kwa malaki, uliza kimeuzwa kwa nani, kwa mwenye duka au kwa mwenye kukivaa. Ukiona bei imeshuka, usikimbilie kuchimba kaburi. Uliza nani anayelipia na kitafuata nini. Ukikuta kimya, kumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo, lakini si kila mshindo ni wa kuanguka. Na iwapo aliye mbele yako anaomba mkopo ni mtoto wa dada yako, basi mpime yeye pia, usipime bidhaa pekee. Mimi nilisahau kumpima.